Wawili, lahani moja: jinsi wapiga muziki wa Ayalandi wanavyosikilizana

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya wanafunzi wa fidla, udi na akodioni hapa Mjini Unguja. Waliokosa kwa sababu ya mvua wameniomba maandishi, basi haya hapa kama yalivyotoka kinywani. Vipande tulivyosikiliza katikati ya mazungumzo siwezi kuvitia kwenye maandishi, lakini nimevitaja kwa majina ili anayevitaka avitafute.

Asalaam aleikum. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Na nyinyi mliobanana mlangoni, ingieni, mikeka ipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya muziki wa Ayalandi. Kisiwa kile kina muziki mwingi, nasi jioni tunayo moja, kwa hiyo nimechagua kipande kidogo tu: watu wawili. Viti viwili, ala mbili. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna mwimbaji wa kujificha nyuma yake. Katika muziki wa jadi wa kule, jozi kama hii ni jambo la kawaida kabisa: fidla na fidla, fidla na filimbi, akodioni na fidla, filimbi na ile zumari yao ya mfuko ambayo upepo wake unasukumwa kwa kiwiko cha mkono. Siku hizi pia fidla na gita. Mashindano yao makubwa ya kila mwaka, yanayoitwa Fleadh Cheoil, ambayo yalianza mji wa Mullingar mwaka 1951, yana kundi la wapigaji wawili wawili, mbali na lile la mpigaji mmoja na lile la bendi nzima.

Sasa nawauliza. Mkimwona mtu anapiga fidla, na pembeni yake kakaa mwenzake, naye fidla begani, yule wa pili kazi yake nini?

"Anamsaidia!" Naam. Nilijua mtajibu hivyo, na kwa muziki mwingi duniani jibu hilo ni sahihi. Leo nataka mniruhusu nilikatae. Katika jozi ya Kiayalandi, yule wa pili kazi yake ni kusikia. Na yule wa kwanza? Kazi yake ni kusikia. Vidole vinafuata. Anayetaka ushahidi, twende naye polepole.

Kwanza tuijue lahani yenyewe. Lahani zao za dansi ni fupi. Nyingi zina sehemu mbili, kila sehemu vipimo vinane. Sehemu ya kwanza inapigwa mara mbili, ya pili inapigwa mara mbili, kisha unarudi mwanzo. Rili inahesabiwa kwa nne, jigi inahesabiwa kwa sita, na kuna polka, na kuna nyinginezo. Kwa mwendo wa kuchezeka, mzunguko mzima wa rili haumalizi dakika. Ndiyo maana hawapigi lahani moja wakaondoka. Wanaizungusha mara mbili tatu, wakaunganisha na nyingine bila kusimama, kisha nyingine.

Je, fidla ya pili inapiga nini? Inapiga lahani ileile. Hakuna sauti ya kwanza na sauti ya pili kama kwaya ya kanisani. Hakuna aliyegawiwa kipande chake. Wote wawili wana lahani moja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sisi watu wa taarab jambo hili halitushtui. Fidla zetu nazo zinabeba lahani pamoja, na tangu enzi za waasisi wa Ikhwani Safaa mwaka 1905 hatujaona haja ya kuomba radhi kwa hilo. Lakini sisi tunakuwa wengi. Fidla sita zikiwa pamoja, mmoja akiteleza, watano wanamfunika, na msikilizaji anaondoka ameridhika. Wakiwa wawili, nani atamfunika nani?

Tena kuna jambo linaloongeza ugumu. Mpiga fidla wa Kiayalandi aliyeiva hairudii lahani vilevile. Mzunguko wa kwanza ataiacha noti ndefu. Mzunguko wa pili noti ileile ataizungusha kwa vidole, juu kidogo, chini kidogo, arudi, kwa kasi ambayo sikio linaisikia kama mtetemo mmoja. Mzunguko wa tatu ataikata kwa upinde vipande vitatu. Hiyo ndiyo ladha yake, na wasikilizaji wake wanamngojea hapohapo. Basi wakae wawili, kila mmoja anabadilisha, kila mmoja kwa namna yake, papo kwa papo, bila karatasi, bila kukonyezana. Na lahani ibaki moja. Hapo utafanyaje usiposikia?

Sasa twende Kerry.

Kusini-magharibi mwa Ayalandi, pale kaunti za Kerry na Cork zinapopakana, kuna eneo la vilima na ardhi tepetepe linaloitwa Sliabh Luachra. Si eneo tajiri. Lakini kwa fidla na akodioni, ni watu wachache wanaoweza kusimama nao. Huko aliishi mwalimu mmoja, Pádraig O'Keeffe, aliyezaliwa mwaka 1887. Alikuwa mwalimu wa shule hasa, wa chaki na ubao. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Glountane, karibu na Castleisland, naye akaishika kazi ile baada yake. Lakini Pádraig na saa za shule hawakupatana. Mwaka 1920 kazi ikamtoka, na sidhani kama aliililia sana, kwa sababu tangu hapo mpaka alipofariki mwaka 1963 alifanya kazi moja tu: kutembea kwa miguu vilimani, nyumba hadi nyumba, akifundisha fidla. Lahani nyingi alizipata upande wa ukoo wa mama yake, akazisambaza kwa kila mtoto aliyeweza kushika upinde.

Noti za kawaida hakuwafundishia. Alichora mistari, nafasi nne kwa nyuzi nne za fidla, na ndani ya nafasi akaandika namba: sifuri ni uzi mtupu, moja ni kidole cha kwanza, mbili cha pili, hivyohivyo. Mtoto asiyejua kusoma muziki aliondoka na karatasi mkononi na wiki ikiisha lahani anayo. Walimu wenzangu mliopo hapa, tusijione tumevumbua mengi.

Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo ndugu wawili wa damu, kaka na dada: Denis Murphy, aliyezaliwa mwaka 1910, na Julia, aliyezaliwa mwaka 1914 na ambaye baada ya kuolewa aliitwa Julia Clifford. Nyumba ile ya Lisheen, karibu na Gneeveguilla, ilijaa muziki. Mwaka 1952 Seamus Ennis, mpiga zumari ambaye wakati huo alikuwa akikusanya muziki wa jadi kwa ajili ya BBC, aliwarekodi wote watatu, mwalimu na wanafunzi wake, fidla tatu. Rekodi zile zipo mpaka leo.

Lakini mimi napenda zaidi wanapobaki ndugu wawili peke yao. Mwaka 1969 ilitoka sahani yao ya santuri, The Star Above the Garter. Mmesikia kipande chake muda si mrefu. Nani ameweza kusema wapi anaishia Denis na wapi anaanzia Julia? Hakuna. Na bado hawapigi sawasawa! Ukitega sikio unasikia mmoja ameishusha lahani oktava nzima, yuko kwenye nyuzi nene, mwenzake kabaki juu. Lahani ileile, lakini sasa ina sakafu na ina dari. Kisha aliye chini anapanda wakutane. Hakuna aliyepiga kengele kwamba "sasa napanda". Mwenzake kasikia, basi.

Mtasema: ndugu hao, wamelelewa nyumba moja, lazima wapatane. Sawa. Lakini sikilizeni na hili. Denis alikaa Marekani, New York, kwa miaka mingi. Julia sehemu kubwa ya maisha yake alikaa London. Bahari ilikuwa katikati yao. Hawakuwa watu wa kukutana kila jioni kufanya mazoezi kama nyinyi mnaolalamika kwamba mara mbili kwa wiki ni nyingi. (Nawatazama kwa makusudi.) Walipokutana walikuwa na lahani zilezile kutoka kwa mwalimu yuleyule, na miaka ya maisha tofauti juu yake. Mnachokisikia kwenye sahani ile ni vyote viwili: kufanana kwao na kutofautiana kwao. Wangefanana kabisa, fidla ya pili ingekuwa na faida gani?

Hapo ndipo ninapogombana kidogo na mashindano. Nisemee pembeni tu. Waamuzi wanahitaji kitu cha kupimia, na kitu chepesi kupima ni usawa: pinde zimekwenda pamoja, nakshi zimeanguka pamoja. Vijana wakishajua hivyo wanafanya mazoezi mpaka wawili wanakuwa mtu mmoja mwenye fidla mbili. Ni ustadi, siukatai. Lakini nikipewa hiari nachukua Denis na Julia.

Tuendelee. Nilisema muziki huu wa wawili ni wa kawaida kule. Kuna wakati nusura usiwe.

Zamani dansi za vijijini zilikuwa za majumbani. Jikoni, meza inasogezwa ukutani, majirani wanakuja, mpigaji mmoja au wawili wanapewa viti karibu na moto. Fidla mbili kwa jiko moja zinatosha na kubaki. Mwaka 1935 ikapitishwa Sheria ya Kumbi za Dansi za Hadhara: dansi ya hadhara iwe na leseni kutoka mahakamani. Maandishi ya sheria yalihusu mahali pa hadhara. Lakini mapadri wengi na polisi wengi waliitumia hata dhidi ya dansi za majumbani, na watu wakaogopa. Dansi zikahamia kwenye kumbi, nyingi zikiwa za parokia, ambako mlango una mlinzi na padri anaweza kuchungulia apendapo.

Fikirini sasa nyinyi mafundi wa sauti. Ukumbi mkubwa, sakafu ya mbao, miguu ya watu mia inagonga kwa viatu, vipaza sauti hakuna au ni vibovu. Fidla mbili zitasikika na nani? Hazisikiki. Basi zikaja bendi za kumbini: fidla tatu nne, filimbi, akodioni, piano, ngoma. Bendi hizo nazo ni mali, nisieleweke vibaya. Bendi ya Tulla ya kaunti ya Clare, iliyoanzishwa mwaka 1946, imelea wapigaji hodari kizazi baada ya kizazi, na nitairudia punde. Sheria pia haikuwa sababu pekee. Watu walikuwa wanahama kwa maelfu, na mtindo wa starehe ulikuwa unabadilika. Lakini nataka mwone jambo: muziki wa wawili ulifaa mahali padogo, na mahali padogo pakafungwa.

Je, ulikufa? Haukufa. Ulisogea pembeni ukangoja. Mfano uko Sliabh Luachra kulekule, kijiji cha Knocknagree, baa ya Dan O'Connell. Kuanzia miaka ya 1960 walikaa pale pembeni wawili, Denis Murphy tunayemjua tayari, na mpiga akodioni Johnny O'Leary, wakiwapigia wachezaji wa seti, yaani dansi ya jozi nne pamoja, polka zao na jigi zao. Jozi ile ilidumu mpaka Denis alipofariki mwaka 1974. Johnny akaendelea na kiti chake palepale kwa miaka mingine mingi. Na mwaka 1985 walikuja hapohapo wawili wengine, Noel Hill na konsetina yake, ndugu mdogo wa akodioni, na Tony MacMahon na akodioni yake, wakarekodi mbele ya wachezaji. Sahani inaitwa I gCnoc na Graí, ambalo ni jina la kijiji chenyewe kwa lugha yao. Ukiisikiliza unasikia miguu sakafuni. Miguu ile haijaondolewa na fundi, na ashukuriwe, kwa sababu ndiyo ngoma yao.

Kuna mwenye baa atakayewaambia sababu nyingine ya kuwaita wawili badala ya watano: malipo. Ni kweli. Wawili wanalishwa kwa bei nafuu, wanaingia kwenye gari moja dogo, na wakigombana ni ugomvi mmoja tu. Tusijifanye hatulijui hilo, sisi ambao tumewahi kugawana malipo ya harusi usiku wa manane. Lakini anayeingia kwenye jozi kwa ajili ya nauli tu atagundua haraka kwamba kazi imekuwa kubwa na si ndogo.

Sasa nije kwa gita, maana najua vijana wa gita wamenuna pale nyuma, wanasema mzee ana fidla tu.

Muziki huu haukuzaliwa na gita. Wala haukuzaliwa na piano. Haukuwa na kodi kabisa, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja chini ya lahani; lahani ilijitosheleza. Kilichobadilisha mambo ni sahani za santuri kule Marekani. Mpiga fidla Michael Coleman, mtu wa Killavil, kaunti ya Sligo, alihamia Marekani mwaka 1914, na miaka ya 1920 akarekodi New York. Sahani zile zilivuka bahari kurudi nyumbani, na vijiji vizima vikaacha namna yao ya kupiga vikaiga ya Coleman. Fidla yake mpaka leo inawatoa watu jasho. Lakini studio ilimwekea mpiga piano, na mara kadhaa mpiga piano huyo hakuujua muziki. Fidla inakwenda huku, kodi zinakwenda kule. Coleman anaruka, piano inamsubiri ilipomwacha. Watu wawili chumba kimoja, sahani moja, na hiyo si jozi. Kwa nini? Kwa sababu mmoja hasikii.

Ilichukua miaka mingi mpaka lahani na kodi zipatane. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Ayalandi walileta gita, hata bouzouki, ala ya nyuzi ya Wagiriki, wakaifanya yao, na wazee wakaguna. Walikuwa na haki ya kuguna. Kodi ni kama hukumu: ukishaiweka chini ya lahani, umemwambia msikilizaji aielewe hivi na si vile. Lahani iliyokuwa inaning'inia kati ya furaha na huzuni, gita linakuja linakata shauri. Sasa mpiga gita afanyeje? Anyamaze?

Karibu. Nitawaeleza habari za mtu aliyekaribia kunyamaza, na gita lake likawa maarufu kwa hilo.

Martin Hayes alizaliwa mwaka 1962, Maghera, upande wa Feakle, Clare ya mashariki. Baba yake, P.J. Hayes, ndiye aliyeiongoza ile bendi ya Tulla kwa miongo mingi. Mjomba wake wa ndoa, Paddy Canny, alikuwa mpiga fidla aliyeheshimiwa nchi nzima. Kijana huyu amekulia kwenye muziki wa taratibu, wenye uchungu ndani yake, maana Clare ya mashariki hawapigi kwa haraka. Akahamia Marekani, akafika Chicago. Huko akakutana na Dennis Cahill, mpiga gita aliyezaliwa Chicago kwa wazazi waliotoka Kerry, aliyepita kwenye rock, kwenye baa, kwenye kila muziki unaolipa kodi ya nyumba. Na walianza vipi? Walianza na bendi ya umeme, yenye ngoma na kelele! Jina lake Midnight Court. Bendi hiyo ilipokwisha ndipo wakabaki wawili, fidla na gita, wakaanza kupunguza.

Wakapunguza nini? Cahill akaacha kupiga kodi nzima. Akaacha kukwaruza nyuzi zote sita. Akabaki na noti mbili, wakati mwingine moja. Mahali ambapo wapiga gita wengine wanajaza, yeye anaacha tupu. Mmewahi kuwatazama akina mama wawili wanaotwanga kinu kimoja? Mchi wa huyu unashuka wakati wa yule unapanda. Akikosea wakati, hagongi tu vibaya, anamvunja mwenzake mkono. Ndivyo Cahill alivyopiga. Noti yake inashuka pale fidla ilipopanda.

Sahani yao The Lonesome Touch ilitoka mwaka 1997. Lakini kwa somo la leo nawapeleka kwenye ile iliyotoka 1999, Live in Seattle, waliyorekodi jukwaani. Kuna kipande kimoja mle kinachokaribia nusu saa. Nusu saa! Lahani baada ya lahani, bila kusimama, watu wawili tu. Kinaanza taratibu mno, kiasi kwamba mmoja wenu hapa aliniuliza kama kifaa kimekwama. Hakikukwama. Wanapanda. Dakika baada ya dakika wanapanda, na mpaka unapotanabahi kwamba mwendo umekuwa wa mbio, hujui waliuongeza lini. Mpiga ngoma hayupo wa kuuongeza. Ni mmoja aliyesogea unywele mmoja, mwenzake akasogea unywele mmoja, kwa karibu nusu saa.

Nawauliza nyie wa gita: mnaweza kukaa na noti mbili dakika tano bila kuonyesha kwamba mnazijua nyingine? Msijibu sasa.

Cahill alifariki mwaka 2022. Walikuwa pamoja jukwaani kwa zaidi ya miongo miwili, na baadaye wakaingia wote wawili kwenye kundi la watu watano, The Gloaming. Hata humo, mwenye sikio anawasikia wale wawili ndani ya watano.

Habari ya mwisho ni ya mke na mume, na nitaisema kwa ufupi kwa sababu ina msiba.

Kaskazini-magharibi kabisa, kaunti ya Donegal, kuna sehemu inaitwa Gaoth Dobhair ambako lugha ya Kigaeli ndiyo ya nyumbani. Fidla ndiyo mfalme huko, na wapiga fidla wa Donegal nao wana ile tabia ya mmoja kushuka oktava. Mairéad Ní Mhaonaigh ni binti wa huko, fidla na sauti ya kuimba. Frankie Kennedy alikuwa kijana wa mjini, wa Belfast, aliyekuja Donegal likizo ya kiangazi. Walikutana wakiwa bado vijana. Frankie hakuwa mpigaji. Akachukua filimbi ili awe karibu na muziki wa binti yule, na tusifiche, ili awe karibu na binti yule.

Mnacheka. Lakini tazameni alichojitwisha! Muziki wa Donegal umetengenezwa kwa upinde. Zile noti za kukatwa haraka haraka ni za mkono wa kulia wa mpiga fidla. Filimbi haina upinde. Ina pumzi, na pumzi inakwisha. Ilimbidi Frankie atafute, lahani kwa lahani, mahali pa kuvutia pumzi ambapo fidla ya mkewe haitabaki uchi, na namna ya kuzikata noti kwa ulimi na koo na vidole ambapo fidla inazikata kwa upinde. Na Mairéad ilimbidi amwachie nafasi. Walikuwa walimu wa shule za msingi wote wawili, muziki ukiwa wa jioni na wikendi. Mwaka 1983 wakatoa sahani yao wawili, Ceol Aduaidh. Kutokana na jozi hiyo likakua kundi la Altan, ambalo limezunguka dunia.

Frankie alifariki Septemba 1994, kwa saratani, kijana bado. Mairéad aliendelea na kundi, na Altan ipo mpaka leo.

Sasa kuna mtu ameandika swali kwenye karatasi, nitalijibu kabla hatujainuka: "Kati ya wawili, nani anaongoza?" Swali zuri. Jibu la kivitendo ni hili: anayeanzisha lahani ndiye anayechagua mwendo, na wakati wa kubadilisha lahani lazima mmoja ajulikane kwamba ndiye atakayeipeleka inayofuata. Wengine wanakubaliana kabla, wengine wanatazamana, wengine wanatoa sauti ndogo ya koo. Hilo ndilo dogo. Ndani ya lahani yenyewe uongozi unazunguka. Mzunguko huu wewe umebadilisha, mimi nimekaa kimya kimya kwenye lahani tupu ili ubadilishaji wako uonekane. Mzunguko ujao zamu yangu. Wote mkibadilisha kwa pamoja bila kusikilizana, lahani inapotea. Wote mkingojeana, lahani inalala. Na hakuna mwalimu anayeweza kukuandikia zamu hizo kwenye karatasi, hata angekuwa Pádraig O'Keeffe na nafasi zake nne.

Basi, maneno yametosha. Toeni ala. Nataka wawili wawili, na nataka msikae na mliyemzoea: wa fidla akae na wa akodioni, wa udi akae na wa fidla, wa gita atafute wa filimbi, na wa gita anazo noti mbili tu jioni hii, nitakuwa nahesabu. Chagueni lahani yoyote ya taarab mnayoijua nyote, fupi, bila kuimba. Mzunguko wa kwanza wote muipige tupu, bila nakshi hata moja. Mzunguko wa pili mmoja ashuke oktava, asiseme ni lini. Mzunguko wa tatu abadilishe mwingine. Wazee wangu mtusaidie kusikiliza, na mkimsikia mtu anapiga peke yake akiwa na mwenzake, mnyoosheeni kidole.

Nyinyi wawili wa mstari wa mbele, anzeni.